Spika wa Kushoto

4 Februari

Bisibisi mwanangu,

Salamu nyingi, na usije ukasema sikukusalimia maana nimezianzia hapa juu kabisa. Nyumbani tupo, tunakula, tunalala, tunagombania rimoti. Mwambie mama yako kwamba vile vitunguu alivyonipa nipande vimeota majani marefu na chini hakuna kitu, kama ahadi zake za kuja kunitembelea. Cherehani zinafanya kazi zote isipokuwa ile ya vifungo, ambayo ina tabia zake. Shule ndiyo zinafunguliwa, na kila mzazi amekumbuka wiki hii kwamba mtoto amerefuka kuliko suruali. Kutwa niko barabarani napeleka sare.

Baba yako mdogo hajambo. Mtaa mzima bado unamwita Spika, ingawa mwaka umeshapita tangu stendi ya mabasi wamtoe kwenye kibanda chake cha kutangaza na kuweka sauti ya msichana iliyorekodiwa. Tangu hapo mabasi anayatangazia nyumbani. Chai ikiiva: "Abiria wa jikoni, chai iko tayari kuondoka." Nikiwasha gari: "Tunaondoka, mzigo usio na mwenyewe utaachwa." Na gari likiondoka naye yumo, kiti cha kushoto, ananisindikiza kwenye sare zangu, anasoma kila bango la barabarani kwa sauti kana kwamba mimi sikwenda shule.

Sasa shida yangu. Spika za gari zimechakaa. Ile ya mlango wa kushoto ndiyo mbaya zaidi. Taarifa ya habari inasomwa kama msomaji anatafuna kokoto, muziki ukiwa mzito inakoroma, ukiwa mwembamba inakwaruza. Kwa hiyo upande ule nina wakwaruzaji wawili, mmoja kwenye mlango na mmoja kwenye kiti, na huyo wa kwenye kiti hana kitufe cha kupunguza.

Tatizo ni kwamba spika hizo alizifunga yeye kwa mkono wake, kwa mshahara wake wa kwanza wa stendi, gari likiwa bado lake peke yake na mimi sijaolewa. Nilipogusia tu kwamba zimechoka alinihutubia mpaka tukaipita shule tuliyokuwa tunakwenda. Basi nakuuliza wewe unayeshinda nazo huko gereji: spika inazeeka vipi, na mtu anajuaje kwamba sasa basi, itolewe? Nataka kubadilisha kimyakimya. Usipige simu. Simu ya nyumbani anapokea yeye, na haachii mpaka salio la mpigaji liishe. Andika, mpe dereva wa basi, nitachukua stendi mwenyewe.

Halafu, bahasha yako ya mwisho mwandiko wa juu haukuwa wako. Ulikuwa wa mtu mwenye subira. Ni nani huyo?

Mama yako mdogo


19 Februari

Mama Mdogo, shikamoo.

Shikamoo nyingine ya Baba Mdogo, ila usimfikishie, maana atauliza imepitia wapi. Mama yuko salama na anasema vitunguu umevipanda kichwa chini miguu juu. Kazini kwetu fundi mkuu amenunua miwani mipya, kwa hiyo sasa anaona makosa yetu ya mwaka jana. Kuhusu mwandiko wa bahasha, siku hiyo mikono yangu ilikuwa na grisi, nikasaidiwa.

Twende kwa wagonjwa wako. Kwanza unisamehe lugha. Hapa gereji haturuhusiwi kusema "spika hii". Fundi mkuu anasema kifaa ukikiita "hiki" utakishika kama tofali, ukikiita "huyu" utakishika kama mgeni wako. Kwa hiyo kwetu spika ni yeye, betri ni yeye, hata fyuzi, na udogo wake wote, ni yeye. Nimeshazoea, kalamu haitaki tena vinginevyo.

Kabla hatujamlaumu mtu, tupime waya. Washa redio, peleka sauti yote upande wa kushoto, halafu ufungue mlango ule na kuufunga taratibu. Sauti ikikatika na kurudi, basi ni waya umechubuka pale mlango unapojikunja, na hakuna aliyezeeka. Lakini kama mlango umetulia na bado anakwaruza, basi ni yeye mwenyewe. Karatasi imeniishia, soma ya pili.

(karatasi ya pili)

Huyu wa kushoto, kwa jinsi ulivyonieleza, amezeeka. Wala si ajabu kwa umri wake. Miaka yote hiyo amechomwa na jua, amekaa kwenye unyevu, na amepigishwa kelele kuliko nguvu zake. Wote huanza hivyohivyo. Kwanza kifua kinaisha, anabaki na sauti ya juujuu. Halafu anakoroma ukitaka atoe sauti kubwa. Mwisho anakwaruza hata akiongea polepole, na akifika hapo kumbembeleza hakusaidii.

Mpime hivi. Mnyamazishe kabisa, mwekee vidole pande mbili za kifua, msukume ndani polepole kwa usawa, na usikilize. Ukisikia kunasugua, huyo ameshaisha. Mtazame na pembeni: kama anamomonyoka ukimgusa, usihangaike na gundi.

Watu wengi wanawaonea huruma. Wanasema nimekaa naye miaka mingi, nimemzoea. Kumzoea ni jambo moja, kumsikiliza kila siku ni jambo lingine. Mimi mpya nimeshakupatia. Ana kifua, sauti safi, na ataingia kwenye nafasi ileile bila kukata wala kupanua. Siku za mwanzo usimchoshe, nenda naye polepole mpaka alainike. Huyu wa zamani mtoe siku ya jua, mfunge kwenye gazeti, mweke stoo. Nikija nitamchukua. (Geuza nyuma.)

(nyuma)

Hayo yote ni kama ameharibika moyo. Kwa hiyo kabla hujamtoa, sogeza bisibisi mgongoni kwake. Ikivutwa kwa nguvu, mwache hapohapo. Sumaku ndiyo moyo wake, na sumaku haizeeki kirahisi. Kinachooza ni ule ukingo wa sponji unaoshika karatasi pembeni. Ukilegea, karatasi inakaa upande, ndiyo inasugua. Huyo namwekea ukingo mpya na atalia vizuri kuliko wa kwenye boksi, maana karatasi kama ile siku hizi hawatengenezi.

Na la mwisho, hawa hawatolewi mmoja mmoja. Wa kulia umri wake ni uleule na jua lake ni lilelile. Ukimbadilisha wa kushoto peke yake, gari zima litasikika limepinda. Ama watoke wote, ama wakae wote.

Wako, Bisibisi


12 Machi

Bisibisi,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kuna shule moja imebadilisha rangi ya sweta katikati ya kazi, wakanirudishia lundo zima. Mengine salama. Mwambie mama yako vitunguu nimevigeuza, na sasa vimekufa vikiwa vimesimama sawasawa.

Barua yako niliichukua stendi, nikaisomea kwenye gari. Karatasi ya kwanza nimeielewa. Mlango nimeufungua na kuufunga mpaka jirani akauliza kama nafukuza inzi, na waya ni mzima. Lakini ya pili siioni. Wakati nafungua bahasha mhasibu wa shule alikuwa dirishani ananililia shida, sikutazama vizuri nini kimetoka. Nadhani hukuitia ndani. Iandike upya.

Ila sikuandikii hayo tu. Baba yako mdogo ana jambo. Amenyamaza.

Najua utadhani nakutania. Chai inaiva, haitangazwi. Mabango tunayapita yamekaa kimya. Jioni ananiuliza taratibu, kwa sauti ya mtu aliye hospitali, "Nikiongea hivi unanisikia vizuri?" Anakunywa maji ya moto na tangawizi kutwa. Bafuni anaimba aaa na ooo kuanzia chini kwenda juu. Kwenye gari anafungua mwavuli, eti jua la dirishani limemzidi. Nguo nilizoanua zikiwa na unyevu hataki zikae karibu naye. Juzi nimemkuta mbele ya kioo amevua shati, ameweka vidole viwili huku na viwili huku kifuani, anajisukuma polepole, sikio ameliinamisha kama daktari.

Na amenyoa. Na anapaka mafuta shingoni. Na lile koti la harusi yetu amelitoa kwenye sanduku akalianika. Nimeolewa siku nyingi, mwanangu, si mtoto mdogo. Mwanamume wa umri ule akianza kupaka mafuta shingoni, kuna mtu. Nikimjua huyo mtu, nitamshonea suruali yenye mguu mmoja.

Halafu bahasha hii pia mwandiko si wako. Hiyo grisi haiishi?

Mama yako mdogo


20 Machi

Mama Mdogo, shikamoo, na salamu za nyumbani nitakupa mwisho maana leo nina haraka.

Karatasi ya pili niliitia kwenye bahasha kwa mkono wangu. Naomba uinuke sasa hivi, utafute chini ya kiti cha kushoto. Usipoiona huko, tafuta kwenye mifuko ya Baba Mdogo. Ukiipata kaa chini kwanza, halafu isome ukikumbuka kwamba jina lake ni Spika, kiti chake ni cha kushoto, na mimi, kwa adabu ya gereji, spika namwita "huyu".

Hakuna mwanamke. Amesoma karatasi yangu, na anadhani nimekupatia mwanamume mwenye kifua ambaye ataingia nafasi ileile bila kukata wala kupanua. Nimeyasoma tena kichwani maneno niliyoandika na nimeshindwa kula.

Mwambie leo. Tafadhali usingoje.

Mama hajambo. Bahasha ilikuwa gundi, siyo grisi.

Bisibisi


9 Aprili

Bisibisi mwanangu,

Usininunie. Barua yako niliipata, na karatasi niliipata pia, kwenye mfuko wa shati lake wakati napiga pasi. Imekunjwa ndogo, kingo zimechakaa kwa kusomwa. Nilikaa chini kama ulivyosema. Nilipofika pale pa kumfunga kwenye gazeti na kumweka stoo, nilicheka mpaka nikaunguza kola. Nikageuza nyuma, nikasoma yote, nikacheka tena. Halafu nikaikunja vilevile nikairudisha mfukoni.

Nilikuwa nimepanga kumwambia siku ileile, Mungu ananiona. Ila aliingia amebeba mabunda yangu yote ya sare kutoka kwenye gari, mwenyewe, bila kuombwa, bila kutangaza kwamba anayabeba. Nikasema acha nimwambie Jumapili. Jumapili akafua mashuka. Sasa wewe niambie, mtu anafua mashuka unamkatiza? Nikasema Jumapili ijayo. Ameshona vifungo na ile cherehani yenye tabia zake, na imemtii. Kila akimaliza jambo ananitazama kidogo pembeni kuona kama limehesabiwa. Nimekuwa malkia, na kosa ni la kalamu yako, siyo langu.

Nilichosahau ni kwamba nilikuwa namsikiliza. Juzi nimeipita kona ya shule ya msingi kwa sababu hakuna aliyesoma kibao chake. Nilikwenda mbele kabisa hadi machimbo ya mchanga ndipo nikashtuka. Yeye alikuwa pembeni yangu na mwavuli wake, kona ameiona, na hakusema kitu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu, "Sikutaka kukwaruza." Hapo sikucheka. Leo nakwenda sokoni kwa miguu, nikirudi namwambia.

Naendelea jioni. Nimerudi, hayupo. Gari lipo. Koti la harusi halipo. Ameniachia ujumbe kwa jirani kwamba anakwenda kununua uzi mweusi, na uzi mweusi ninao wa kutosha kushonea mtaa. Hajarudi na giza linaingia. Naipeleka barua hii kwenye basi la mwisho. Kama unajua lolote, niandikie upesi. Hata piga simu. Nitaipokea mimi.

Mama yako mdogo


11 Aprili

Mama Mdogo, shikamoo.

Yuko hapa. Simu nimepiga, ikaita bila kupokelewa, nadhani ulikuwa unazunguka na gari kumtafuta. Yuko salama, amekula, amelala kwa mama.

Amefika jana kabla hatujafungua. Nilimkuta amekaa kwenye matairi ya zamani nje ya gereji, ndani ya lile koti, amenyoosha mgongo kama anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Anasema kwenye stendi yenu alikaa muda akimsikiliza yule msichana wa mashine akitangaza basi lake. Ametamka vizuri, anasema, ila hakujua kwamba basi lenyewe limeharibika na abiria wanahamishiwa lingine. Aliwahamisha yeye, kwa mdomo, kisha akapanda.

Hakunisalimia kwa kelele. Alitoa karatasi, akaiweka mezani kwangu katikati ya nyaya, akainyoosha kwa kiganja. Akasema, "Stendi walinitoa kwa barua ya mstari mmoja. Wewe angalau umejaza ukurasa." Halafu akauliza kama huyo mpya ni mtu wa heshima.

Mama Mdogo, nilichukua spika mbovu kwenye rafu, nikamwekea mkononi, nikamwonyesha karatasi iliyopasuka na ukingo unaomomonyoka. Nikasema, Baba Mdogo, mgonjwa ni huyu. Huyu ndiye wa kushoto. Akamgeuza mkononi huku na huku. Nikamuuliza, "Karatasi hukuigeuza?" Akasema alipofika kwenye stoo na gazeti hakuona sababu ya kuendelea.

Nikaigeuza mimi. Akaisoma kwa sauti, na unajua sauti yake akisahau kuibana. Waliokuwa chini ya magari wakatoka. Alipofika pale pa sumaku alisimama, akasoma tena. Fundi mkuu akavua miwani. Nikasogeza bisibisi kwenye mgongo wa yule spika ikanata, nikamwambia umeona, yuko hai.

Ningependa hadithi iishie hapo. Lakini akauliza, "Mama yako mdogo anajua kwamba nilielewa vibaya?" Nikakohoa. Akauliza, "Tangu lini?" Nikakohoa tena. Akahesabu kwa vidole mashuka, mabunda na vifungo. Hakucheka. Alisema tu, "Kumbe alikuwa amegeuza," akavua koti, akalikunja vizuri, akaomba kazi yoyote ya kukaa nayo mikononi. Tangu jana anasafisha skrubu. Anasema harudi wiki hii, na hasemi anarudi lini.

Mimi naweza kumwekea spika ukingo mpya. Huyu siwezi. Yamebaki kwako.

Na kama kuna chochote atakachokuambia alichokiona hapa gereji, kuhusu yule kijana wetu mpaka rangi wa magari na mwandiko wake, naomba umkatize.

Bisibisi


13 Aprili

Bisibisi,

Nashukuru kwa kumlaza na kumlisha. Mama yako mwambie asimpe vitunguu.

Hii siyo yako, mpe yeye. Usimsomee. Ana mdomo wake.

Tangazo. Tangazo kwa abiria wa kiti cha kushoto. Gari lako halijaondoka. Lilikwenda peke yake Jumatatu, likapotea mara mbili, likapeleka sweta za kijani kwenye shule ya sweta za bluu kwa kukosa mtu wa kusoma kibao cha getini. Abiria anaombwa arudi na sauti yake yote. Mwavuli ataukunja. Mafuta ya shingoni anaweza kuendelea nayo, hayana ubaya. Mashuka yalifuliwa vizuri, ila mito uliisahau. Geuza nyuma.

(nyuma)

Nilicheka muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyochekesha. Nilipaswa kukuambia siku ile ya pasi. Nilikuona unanitazama pembeni, na nikajifanya sioni, kwa sababu ilikuwa tamu kutazamwa hivyo tena. Hilo ndilo lililonichelewesha, siyo mashuka.

Nyumba imekuwa kimya mpaka nimeanza kuzungumza na pasi. Jana chai imechemka ikamwagika jiko zima, kwa sababu nimezoea kuambiwa iko tayari. Niliogopa, mume wangu. Nilipouliza kwa jirani na kuambiwa uzi mweusi, nilikimbilia sandukuni nikakuta koti halipo. Hakuna wa kwenye boksi. Hakuwahi kuwepo. Stendi hawakujua walichokitoa, na mimi nilikijua na bado nikakichezea.

Spika zako sijazigusa. Zinakwaruza palepale ulipoziacha.

Mkeo


5 Mei

Bisibisi mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumba yenye kelele. Mama yako mwambie ameshinda, nimeacha kilimo. Sweta za kijani nimezirudisha zinakostahili na mhasibu amenisamehe, ingawa analeta habari hiyo kila akitaka punguzo.

Alirudi Ijumaa. Sikumsikia akiingia, na hilo lilinitisha. Nilikuwa kwenye cherehani, nikainua macho, amesimama mlangoni na koti lake mkononi, na mfukoni barua yangu inachungulia, imekunjwa upande wa nyuma ukiwa nje. Nikamwambia jambo la kwanza lililonijia, kwamba chai iko jikoni. Akakohoa, akanyoosha mgongo, akasema, "Abiria wa cherehani, basi lililochelewa limeingia." Nililia, Bisibisi. Kola ya mtoto wa watu ikaloa.

Spika za gari anazitengeneza mwenyewe kwa ule ukingo uliompa, mezani kwangu, juu ya kitambaa cha suruali. Nilimshikia taa, na akanihutubia mwanzo hadi mwisho jinsi sponji inavyooza, kana kwamba si mimi niliyekuuliza. Sikumkatiza. Ameanza na huyu wa kushoto. Tumemwasha jana, na taarifa ya habari imesomwa na mtu asiye na kokoto mdomoni. Muziki mzito unatikisa mlango. Tulikaa humo ndani gari likiwa limezimwa mbele ya nyumba, tunasikiliza bei za mahindi ambazo hakuna kati yetu anayezihitaji. Na yeye alikuwa anazirudia.

Wa kulia bado. Ukingo ulibaki kidogo, hautoshi. Tuletee mwingine ukija.

Kuhusu yule mpaka rangi, ulisema nimkatize. Nimejaribu. Lakini wewe ndiye uliyenirudishia mume akiwa na sauti yote, kwa hiyo hadi jana jioni mtaa mzima ulikuwa unajua ana mwandiko mzuri, ana subira, na alikuwekea maji ya kunawa yenye uvuguvugu. Mlete naye. Nitampima mabega, nimshonee shati.

Kalamu amenipokonya, anataka kumalizia yeye.

Mama yako mdogo

Bisibisi, ni mimi, Baba Mdogo. Wa kushoto anaendelea vizuri na anawasalimu fundi mkuu na miwani yake. Mama yako mdogo jana ameniuliza, akicheka, kama, kwa kuwa ukingo uliobaki hautoshi, tusimsumbue wa kulia, tununue tu mpya. Nimemwonyesha karatasi yako upande wa nyuma. Kisha nimemkumbusha nani anakaa kulia, kwenye usukani, ndani ya gari hili.